Kumbe hata Los Angeles kuna watu hawana meya

Mwaka jana mwezi wa nne nilibeba faili langu nikaenda kuomba kibali cha ujenzi, nina vyumba viwili nataka kuongeza nyuma ya nyumba, nikawahi saa mbili kasoro nikakaa kwenye benchi na wenzangu kama kumi hivi. Zamu yangu ilipofika yule mama wa mapokezi akafungua barua ya juu, ile ya utambulisho, akasoma kichwa chake tu akanirudishia.

"Baba, hii ni barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Hapa hatuna vitongoji, tuna mitaa. Kwenu sio hapa."

Nikamwambia mama, mi nakaa Arusha mjini, kutoka kwangu mpaka stendi ni kifodi kimoja tu. Akanigeuzia ile karatasi nijionee mwenyewe. Na kweli, juu kabisa kwa herufi kubwa imeandikwa Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, chini yake kata, chini yake kijiji, chini yake kitongoji, na muhuri wa bluu umekula nusu ya sahihi ya mwenyekiti. Ile barua niliichukua mwenyewe kwa mkono wangu, nikailipia na mchango wa ofisi, sikuwahi kuangalia kichwa chake. Aliyeniuzia kiwanja mwaka 2019 aliniambia hapa ni jijini kabisa, na mimi nikalibeba hilo neno miaka yote, kila nikiulizwa unakaa wapi najibu mjini.

Sasa ngoja niwaelezee maana najua sipo peke yangu, Arusha hii watu wengi tunaishi bila kujua tuko kwa nani. Shida inaanzia kwenye jina lenyewe. Mkoa unaitwa Arusha, una halmashauri saba: Jiji la Arusha, Arusha DC (ndo hiyo Halmashauri ya Wilaya ya Arusha), Meru, Monduli, Longido, Karatu na Ngorongoro. Wilaya ya Arusha ndo Jiji lenyewe. Lakini Halmashauri ya Wilaya ya Arusha haipo Wilaya ya Arusha, ipo Wilaya ya Arumeru, pamoja na Halmashauri ya Meru ambayo makao yake ni Usa River. Soma tena taratibu, ndivyo ilivyo. Na hiyo Arusha DC imelizunguka jiji, kwaiyo ukitoka mjini ukaelekea Ngaramtoni kuna mahali unavuka mpaka, lami ni ile ile, maduka yameshikana, mama ntilie ni wale wale, hakuna kibao wala kamba, ila umeshatoka kwa meya mmoja umeingia kwa mwenyekiti wa halmashauri.

Na sio jina tu linalobadilika. Tangu mwaka 1982 kuna sheria mbili tofauti, Namba 7 ya mamlaka za wilaya na Namba 8 ya mamlaka za miji, ndo maana huku chini una mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji na kule jijini una mwenyekiti wa mtaa. Kijiji kina halmashauri yake ambayo inasimamia ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mwenyekiti wa mtaa hana hayo mamlaka. Mtu akikuuzia kiwanja akakupeleka kwa mwenyekiti asiyehusika, umegongewa muhuri wa bure.

Jioni ile nikampigia dada, mtoto wa mama mkubwa, yuko Marekani miaka mingi, anahudumia wazee majumbani huko Pasadena, mji uliomo Kaunti ya Los Angeles. Nilitaka nimsimulie tu tuongee. Hakupokea, ila baadae akanitumia voice note ya dakika saba na ilianza hivi: "Mdogo wangu pole sana, lakini hayo ya mipaka hata huku yapo, na huku yameua watu."

Nikakaa chini nikasikiliza mpaka mwisho, nikarudia. Toka siku hiyo nimekuwa nasoma kuhusu Kaunti ya Los Angeles karibu kila nikipata nafasi, na nataka niyaweke hapa kwasababu yamenifundisha kuiona Arusha yetu vizuri zaidi.

Kwanza tukisikia kaunti sisi wa mpakani tunafikiria Kenya, ukivuka Namanga uko Kaunti ya Kajiado, kuna gavana, kuna bunge la kaunti. Kule Marekani sio hivyo. Gavana ni wa jimbo zima, California, na jimbo limegawanywa kaunti 58. Los Angeles ni mojawapo, ilianzishwa Februari 1850 zilipokuwa kaunti 27 tu, na leo ndo yenye watu wengi kuliko kaunti yoyote ya Marekani. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 10,014,009. Nilichukua sensa yetu ya 2022 nikajumlisha Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga, mikoa minne yote ya kaskazini, haifiki milioni tisa. Ila kwa ukubwa wa ardhi Wilaya ya Ngorongoro peke yake inaizidi hiyo kaunti. Hebu fikiria watu wote wa kaskazini, na wengine zaidi ya milioni moja juu yao, uwashushe Ngorongoro halafu uanze kugawa nani azoe takataka za nani.

Na jiografia yake dada anasema ukija utashangaa jinsi inavyofanana na huku na jinsi isivyofanana. Kaskazini kuna safu ya milima ya San Gabriel, kilele chake kirefu Mlima San Antonio kina mita 3,068, Meru yetu inauacha mbali kwa zaidi ya mita 1,400, lakini unapata theluji wakati wa baridi. Nyuma ya milima ni jangwa, Mojave, huko kuna miji ya Lancaster na Palmdale. Mbele ya milima ni bonde kubwa lililojaa nyumba mpaka baharini, na baharini tena kuna visiwa viwili ambavyo navyo ni vya kaunti hiyo hiyo, Santa Catalina na San Clemente. Yaani theluji, jangwa, ufukwe na kisiwa, vyote serikali moja ya kaunti.

Maji yanashuka kutoka mlimani kama yanavyoshuka huku kwetu, Themi, Naura na Ngarenaro zinatoka Meru zinapita katikati ya jiji, mvua ikikaza mlimani sisi wa chini ndo tunajua. Kule walipigwa na mafuriko mwaka 1914, mwaka uliofuata wakaunda mamlaka ya kaunti nzima ya kudhibiti mafuriko, halafu yakaja mengine makubwa mwaka 1938, na baada ya hapo ule Mto Los Angeles, kilomita 82, sehemu kubwa ukamiminwa zege, chini na kingo. Unapita kwenye miji mingi, hakuna mji mmoja unaoweza kusema mto ni wangu. Hapo ndo nilianza kuelewa kwanini kaunti ipo. Korongo halijui mpaka wa kata, lazima awepo mtu anayeliangalia kuanzia juu mpaka chini.

Sasa njoo kwenye miji. Ndani ya hiyo kaunti kuna miji 88, kila mmoja na baraza lake. Jiji la Los Angeles ni mmoja tu kati ya hiyo, ndo mkubwa, karibu watu milioni 4, na umbo lake kwenye ramani ni la ajabu, kuna sehemu limekuwa jembamba kama utepe linashuka kusini mpaka bandarini San Pedro, kile kipande walikiunganisha mwaka 1906 ili jiji liifikie bahari. Halafu mwaka 1913 wakafungua mfereji wa kuleta maji kutoka Bonde la Owens, kilomita karibu 375, na maji yakawa ndo fimbo, unataka maji ingia kwenye jiji. Bonde la San Fernando likaingia mwaka 1915. Beverly Hills wao walipiga kura mwaka 1923 wakakataa, na mpaka leo Beverly Hills ni mji wake na meya wake wakati jiji limewazunguka karibu kila upande. Mi nilikuwa nadhani Beverly Hills ni mtaa wa Los Angeles, kama Njiro ilivyo Arusha. Kumbe hapana.

Kuna mji unaitwa Vernon, ulianzishwa 1905 kwa ajili ya viwanda, sensa ya 2020 imekuta wakazi 222. Mji kamili. Kitongoji chetu hiki kina watu wengi kuliko huo. Halafu kuna Lakewood, huu nauona ni muhimu kuliko yote kuuelewa, maana mwaka 1954 hawa watu hawakutaka kumezwa na mji jirani, wakajiandikisha kuwa mji, lakini hawakuwa na polisi wala zimamoto wala mafundi barabara, wakaenda kaunti wakasema sisi tutawalipa, nyie endeleeni kutuhudumia kwa mkataba. Ikakubalika. Baada ya hapo miji ikazaliwa mingine mingi kwa mtindo huo huo, na leo miji kama 40 hivi inalindwa na askari wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, kwa kulipia. Mi hili wazo nimelipenda sana. Sisi huku halmashauri ndogo ikipewa hadhi inaanza kujenga kila kitu kutoka sifuri, jengo, magari, vyeo, wakati jirani yake ana greda limepaki.

Haya, sasa tuje kwenye lile la dada.

Ukiondoa hiyo miji 88, inabaki ardhi ambayo haimo ndani ya mji wowote. Sio ndogo, ni zaidi ya nusu ya kaunti kwa eneo, sehemu kubwa ni milima na jangwa, lakini ndani yake kuna watu kama milioni moja. East Los Angeles, watu zaidi ya laki moja, haimo kwenye mji wowote, wamejaribu mara kadhaa kuwa mji ikashindikana, mara ya mwisho mwaka 2012 wakaambiwa mapato hayatatosha. Hawa wote hawana meya. Hawana baraza la mji. Kiongozi wao wa karibu kabisa kwa sheria ni msimamizi wa kaunti, na wasimamizi wa kaunti nzima wako watano. Watano! Kila mmoja ana watu kama milioni 2. Diwani wetu hapa nikimkosa ofisini nampata kwenye msiba, au nampata kanisani, au namsubiri kwenye kona anapopitia na pikipiki yake. Mtu mmoja anayebeba karibu mkoa wa Arusha mzima peke yake utampata msiba gani?

Altadena ni moja ya maeneo hayo. Iko juu ya Pasadena, imeegemea milima kama vile Ilboru na Sambasha zilivyouegemea Meru, watu kama elfu 42. Upande wa magharibi ndo familia nyingi za Wamarekani weusi walinunua nyumba miaka ya 60 na 70, wakati sehemu nyingine nyingi walikuwa wanazuiwa kununua. Nyumba zikarithishwa, bibi, mama, mtoto. Mmoja wa wale bibi ambao dada aliwahi kuwahudumia alikuwa anakaa huko, ana mti wa machungwa mbele ya baraza, dada alikuwa akitoka zamu anafungiwa kamfuko ka machungwa.

Tarehe 7 Januari 2025 jioni, saa kumi na mbili na robo hivi ya kule, huku kwetu ni alfajiri ya tarehe 8, moto ukawaka kwenye korongo la Eaton pembeni ya Altadena, na upepo siku ile ulikuwa wa kung'oa miti, helikopta za kumwaga maji zikashindwa kuruka. Upande wa mashariki waliambiwa wahame mapema jioni ile ile. Upande wa magharibi ya barabara inayoitwa Lake Avenue, amri ya kuhama ilitoka baada ya saa tisa usiku, masaa kama tisa tangu moto uwake. Karibu wote waliokufa kwenye moto ule walikuwa upande huo wa magharibi, wengi wao wazee. Majengo zaidi ya 9,000 yaliteketea.

Dada anasema yeye usiku ule yuko Pasadena, anaona mlima wote mwekundu, simu yake inaita tu za watu wa nyumbani, mama mkubwa analia, na siku zilizofuata kilichomuuma ni kuwaona watu wanauliza meya wetu yuko wapi, meya anasema nini. Siku hiyo hiyo kulikuwa na moto mwingine mkubwa Pacific Palisades, ule uko ndani ya Jiji la Los Angeles, kwaiyo kamera zote na maswali yote yakaenda kwa Meya Karen Bass. Lakini Karen Bass sio meya wa Altadena. Altadena haina. Ina baraza la mji la kujitolea, limekuwepo tangu miaka ya 70, wanachaguliwa na wananchi wenyewe, ila kazi yao ni kushauri, hawana bajeti ya kuongoza zimamoto wala polisi. Mwenye dhamana ni kaunti, na msimamizi wao ni Kathryn Barger ambaye eneo lake linaanzia hapo linavuka milima mpaka jangwani Lancaster.

"Yule bibi alitolewa na kijana wa jirani," dada akasema, "alimbeba na blanketi. Nyumba imebaki ngazi za mbele tu, na huo mti umekauka upande mmoja."

Sikujua nimjibu nini. Nikamwambia tu pole dada.

Miezi miwili kabla ya moto, Novemba 2024, wananchi wa kaunti hiyo walikuwa wamepiga kura wakakubali wasimamizi waongezwe kutoka watano mpaka tisa baada ya sensa ijayo, na mtendaji mkuu wa kaunti, ambaye sasa anateuliwa na wasimamizi, awe anachaguliwa na wananchi kuanzia 2028. Hii nimeifikiria sana. Kule sherifu anapigiwa kura, mwendesha mashtaka anapigiwa kura, hata yule anayethamini nyumba yako ili ulipe kodi anapigiwa kura. Huku kwetu meya wa jiji anachaguliwa na madiwani wenzake, mkurugenzi anateuliwa na Rais, mkuu wa wilaya na wa mkoa vilevile. Wao wana kura nyingi kwa viongozi wa mbali, sisi tuna kura yetu ya maana kule chini kabisa, kwa mwenyekiti na diwani. Na mi naona hiki cha chini tunakidharau wakati ndo kitu ambacho watu wa Altadena walikikosa, mtu anayejua nyumba ya tatu kutoka mferejini kuna mzee hawezi kutembea, na ana cheo cha kupiga simu akasikilizwa.

Kwaiyo nilirudi kwa mwenyekiti wangu wa kitongoji. Nilikuwa sijawahi kukaa nae zaidi ya dakika kumi. Shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza ya kibali, akaniandikia barua nyingine ya kwenda halmashauri inayohusika, halafu akasema twende nikuonyeshe kitu. Tukatembea kama dakika tano nyuma ya migomba, tukafika kwenye ule mfereji wa zamani, wa kumwagilia, upana wake mtoto anaruka, maji yanapita taratibu na jani la mgomba limekwama kwenye jiwe. Akaweka fimbo yake katikati ya maji. Akasema huku ni sisi, kule ni jiji. Ng'ambo kulikuwa na mama anafua, akatusalimia, mzee akamwambia mama nanihii salamu zako kwa mwenyekiti wako.

Nikapiga picha nikamtumia dada. Akajibu, "Hapo ndo mwisho wa serikali? Mbona nauruka?"

Kibali kilitoka, ilichukua muda lakini kilitoka, vyumba viko kwenye lenta sasa hivi. Ile mvua ya masika iliyofuata ikabomoa kalvati la hapo mferejini, nusu yake iko huku nusu iko ng'ambo, na bodaboda wanapitisha watoto wa shule juu ya mbao mbili. Wenyeviti wote wawili wamekubaliana kuita kikao kimoja, watu wa kitongoji na watu wa mtaa pamoja, Jumamosi saa nne asubuhi chini ya mgrevilea upande wa huku. Mimi nimepewa kazi ya kuandika majina na namba za simu za wazee wanaokaa karibu na maji pande zote mbili. Mpaka leo asubuhi nimeshafikisha 23, bado nyumba za kule chini karibu na shule.